Mjomba, Wolf 359 haikupotezwa kwa mbinu

Mjomba, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na pale ulipokatiza kumkaripia paka. Hukumu yako kuhusu Wolf 359 nimeipata, lile pambano la tamthilia ya Star Trek ambamo meli za Starfleet, kikosi cha anga za juu cha binadamu na washirika wao, zilipigwa na Borg, viumbe nusu mashine wanaoteka watu na kuwageuza kuwa sehemu yao: Admirali Hanson ni bwege aliyepeleka meli 40 zikachinjwa moja moja kama kuku, na Picard, kapteni aliyetekwa na Borg na kutumiwa dhidi ya wenzake, ni msaliti aliyestahili kifungo, si kurudishiwa meli yake ya Enterprise. Ukafunga na "kikulacho ki nguoni mwako". Nakujibu hadharani kwa kuwa wenzako wa upande huo ni wengi, na pia kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi ya kusema.

Tuanze na mbinu, maana hapo ndipo unapojiamini. Hiyo picha ya meli kuingia moja moja haikutoka kwenye The Best of Both Worlds, hadithi ya sehemu mbili iliyolisimulia pambano hilo kwanza. Sehemu ya pili ya hadithi ile iliporushwa Septemba 1990, pambano lenyewe halikuonyeshwa. Hanson alionekana kwenye skrini katikati ya mapigano, mawasiliano yakakatika, halafu Enterprise ikafika imechelewa na kukuta mabaki yanaelea. Shelby, afisa aliyekuwemo melini, anayatazama na kutaja majina ya meli anazozitambua: Tolstoy, Kyushu, Melbourne. Basi. Bajeti ndiyo iliyoamua hivyo, na mimi naishukuru, kwa sababu pale ukimya ulifanya kazi kuliko milipuko. (Mafundi waliunda mabaki hayo kwa vipande vya modeli za plastiki za dukani, na baadhi ya injini ni kalamu zile nene za kupakia rangi mistari ya vitabu. Ukishajua hilo huwezi tena kuyaangalia kwa macho yaleyale.)

Pambano tulikuja kuliona Januari 1993, Deep Space Nine, tamthilia dada ya Star Trek, ilipoanza, nalo ni dakika chache tu kutoka ndani ya meli moja, Saratoga. Wewe umezichukua dakika hizo ukazifanya ramani ya vita vizima. Na hiyo Melbourne unayoitolea ushahidi, mabaki yake ya 1990 ni ya meli ya aina ya Nebula, lakini 1993 inapigwa ikiwa ya aina ya Excelsior. Ushahidi wa hivyo hakimu yeyote angeutupa nje.

Hata tukikubali kwamba Hanson alizipanga vibaya, ungezipanga vipi wewe? Shelby, aliyepewa kazi ya kuandaa ulinzi dhidi ya Borg, alishakadiria kwamba ule mchemraba, yaani meli yao, ungeendelea kufanya kazi hata asilimia 78 yake ikiharibiwa. Nyota ya Wolf 359 ipo kweli, kwenye kundinyota la Simba, haifiki miaka 8 ya nuru kutoka hapa. Kwa vipimo vya hadithi ile, adui alishafika barazani. Hanson hakuwa na nafasi ya kuchagua uwanja.

Kosa lake lilikuwa jingine, na lilifanyika kabla risasi ya kwanza haijapigwa.

Kumbuka mfuatano wa mambo. Enterprise imelenga mchemraba kwa silaha mpya iliyoandaliwa maalumu, ikafyatua, na mchemraba haukutikisika. Locutus, yaani Picard aliyekwisha kugeuzwa, anawaeleza mwenyewe sababu: maarifa na uzoefu wa Picard sasa ni sehemu yao, na vimewaandaa kwa kila hatua itakayochukuliwa. Adui amekutangazia kwamba anazo funguo zako. Taarifa kama hiyo majasusi hutoa roho zao kuipata, na hapa imeletwa bure.

Sasa Riker, aliyeshika nafasi ya Picard, na Shelby wanazungumza na Hanson kuhusu jambo hilo. Mzee anajibu nini? Anasimulia mbio! Anasimulia jinsi alivyomwona Picard, kijana wa mwaka wa kwanza chuoni, akiwapita wanafunzi wanne waliomtangulia kwenye kilima cha mwisho cha mbio za kilomita 40 huko Danula II. Anasema hajapata kukutana na mtu mwenye ari na ujasiri kama ule, na kwamba haiwezekani kabisa Picard awasaidie Borg. Anataka hilo lieleweke wazi. Riker anaitikia kwa heshima, na mjadala unafungwa.

Itazame tena sehemu hiyo, mjomba. George Murdock anaicheza vizuri mno. Unamwona mtu anayempenda mwenzake na hataki kusikia. Lakini aliulizwa habari za kichwa cha Picard, akajibu habari za moyo wake. Borg hawakuhitaji ridhaa ya mtu. Walichukua kila alichokijua, kuanzia mpangilio wa meli hadi namna makapteni wa Starfleet wanavyofikiri wakibanwa. Kikosi kilichopaswa kubadilisha kila kitu usiku huohuo kiliingia vitani kwa taratibu zilezile ambazo Picard alizijua kama jina lake. Meli 39 zikapotea, na watu karibu 11,000.

Ndiyo maana ninakwambia wewe na Hanson mnafanana, ingawa unamtukana. Yeye alisema Picard ni mwema, kwa hiyo hatari haipo. Wewe unasema hatari ilitokea, kwa hiyo Picard ni mbaya. Hata shutuma yako ni ileile aliyoitumia Admirali Satie kwenye kipindi cha The Drumhead alipomkalisha Picard mbele ya baraza na kumuuliza anawezaje kulala usingizi. Mwishoni mwa kipindi kile, chumba kizima kilimwachia Satie ukumbi wake.

Sisko, mhusika mkuu wa Deep Space Nine, ni habari nyingine. Yeye alikuwa ndani ya Saratoga na mkewe Jennifer na mtoto wao Jake. Alimkuta Jennifer chini ya vifusi, moto umezagaa, akang'ang'ana kumtoa mpaka mwenzake akamvuta kwa nguvu. Huyo akimwambia Picard kwa sauti kavu kwamba walishakutana, vitani, nanyamaza. Ana haki hiyo. Wewe ulikuwa kwenye kochi.

Na hapo kuna swali ambalo hujaliuliza hata mara moja: mtoto alitafuta nini kwenye meli iliyokuwa inakwenda kupigana na Borg? Starfleet walijua kwa zaidi ya mwaka kwamba wanakuja. Hanson mwenyewe alikiri hawako tayari. Bado Saratoga ikaingia vitani na familia ndani. Kama unatafuta la kumshtakia admirali, lipo hilo, zito kuliko mpangilio wa meli.

Ukitaka kuona kwamba wakubwa hawakujifunza, rudia filamu ya First Contact ya 1996. Mchemraba mwingine unakuja duniani, na Picard anapewa amri ya kwenda kufanya doria mpakani kwa Waromulan, kwa sababu safari hii wanautilia shaka moyo wake. Anakaidi, anafika, anachukua uongozi wa meli zilizobaki na kuziamuru zote zipige sehemu moja. Data, afisa wake ambaye ni roboti, anamwambia hapo haoni mtambo wowote wa maana. Wanapiga, na mchemraba unalipuka. Yale aliyokuwa akiyajua kutoka ndani ya Borg alikuwa nayo kichwani miaka yote hiyo, na kwenye kuupanga ulinzi ule walimweka kando.

Sasa nijibu kwa hoja, mjomba, siyo kwa methali. Suala la Melbourne tulihamishie Idi ukija, maana najua hutaliacha.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mpwa wako