Wimbo wa kuchunguliwa simu uachwe upigwe

Mhariri, naandika kuhusu ripoti yenu ya ule wimbo wa vijana unaolalamika serikali inachungulia simu za watu, ule wa kinanda cha umeme na biti za kompyuta, eti kuna watu wanataka usipigwe hapa Lamu. Mimi sikubali kabisa. Jana jioni pale uwanja wa Mkunguni kijana mmoja aliuweka kwa simu, baraza nzima ikanyamaza, mzee mmoja akageuza simu yake kifudifudi, hapo ndo nikajua umegusa. Na si mambo ya kubuni, mwaka 2013 Edward Snowden, aliyefanya kazi na shirika la ujasusi la Marekani, alifichua vile nchi hiyo inakusanya rekodi za simu za mamilioni ya raia wake, na kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda mawasiliano ya mtu. Tena Lamu hii siasa kwa ushairi si jambo geni, miaka ya 1970 mashairi ya kimondo, yale ya kujibizana kisiasa, yalizunguka kwa kaseti wakati wa uchaguzi!

Naomba redio za huku pwani ziupige, halafu ziite wakili atueleze kwa Kiswahili chepesi ile Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatupa haki gani, maana wengi wetu hatuijui.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu