Kwa vijana wangu wa Jumapili, kuhusu Lara na Tendulkar

Vijana wangu,

Salamu kwanza. Jumapili iliyopita chai ilipoa mezani mkibishana nani mpigaji bora wa kriketi, Brian Lara wa West Indies au Sachin Tendulkar wa India, na mmoja wenu, sitamtaja, akakataa kumwazima mwenzake padi, zile kinga za miguu, kwa sababu ya watu wawili wasiomjua yeye wala mwenzake. Mimi mzee wenu wa daftari la alama nilikuwa pembeni na kalamu yangu, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa kuwa hasira ilikuwa juu. Leo imeshuka, basi nisikilizeni.

Upande wa Tendulkar mlikuja na simu. Testi 200, yaani mechi ndefu za siku tano kati ya mataifa, mikimbio (alama za mpigaji) 15,921, mara 51 alizofikisha mia, wastani 53.78 kwa kila mara aliyotolewa. Lara je? Testi 131, mikimbio 11,953, mia 34, wastani 52.88. Haya. Toeni wenyewe: tofauti ya wastani haifiki hata mkimbio mmoja. Kwa pungufu ya mkimbio mmoja, mtu kanyimwa padi!

Lakini neno lililonikera mimi lilitoka upande wa Lara. Kijana alisema, "Huyo wenu hakumaliza kazi. Chennai aliwaacha njiani." Hapo nilitaka kuinuka.

Chennai ile naikumbuka. Ilikuwa Jumapili pia, tarehe 31 Januari 1999, India na Pakistan. India wanafukuza mikimbio 271 ili washinde, katika zamu ya nne, ya mwisho ya mechi. Wafunguzi, wapigaji wawili wanaoanza, wote wametoka, alama 6 tu ubaoni, ndipo Tendulkar anaingia. Warushaji wa Pakistan: huku Wasim Akram, huku Waqar Younis, na Saqlain Mushtaq anauzungusha mpira usijue unakwenda wapi. Wakafika wapigaji watano wametoka, alama 82 tu ubaoni. Akabaki na Nayan Mongia, wakajenga pole pole. Halafu mgongo ukamkamata. Kila mpira alioupiga alijikunja, akijinyoosha kama mzee kama mimi ninavyoinuka kwenye kiti. Alipoona mgongo hautamngoja akaanza kupiga kwa nguvu ili amalize upesi, na akiwa na 136 akaurusha mpira wa Saqlain juu, Wasim akadaka. Zilibaki alama 17 washinde. Waliobaki wote wakatoka kwa mikimbio 4. Pakistan wakashinda kwa 12, na watu wa Chennai, waliovunjika moyo namna ile, wakasimama kuwapigia makofi wageni.

Miezi miwili baadaye, tarehe 30 Machi, Bridgetown, Barbados. West Indies na Australia. Wiki chache nyuma walikuwa wametolewa kwa mikimbio 51 huko Trinidad, kwao Lara, naye ndiye nahodha. Sasa wanafukuza 308 mbele ya McGrath, Gillespie na Warne, warushaji wa Australia. Wametoka watano kwa 105. Kwetu ilikuwa usiku, nami na redio yangu ya mkononi nikiisogeza huku na huku kutafuta mawimbi. Walipotoka wanane kwa 248, mke wangu aliniambia nilale. Sikulala.

Curtly Ambrose, ambaye kazi yake ni kurusha mpira na si kuupiga, akasimama mipira 39. Alipotoka zilibaki 6. Akaingia Courtney Walsh, na nyinyi vijana hamjui maana ya kumwona Walsh akija na gongo mkononi. Ilikuwa kama kumwona mpishi akiitwa kuendesha basi. Lakini aliikinga mipira michache aliyokutana nayo, kisha Lara akaupiga mpira wa Gillespie hadi mpakani, mikimbio nne, mechi ikaisha. Lara 153, hakutoka.

Sasa njooni polepole. Kabla ya hapo, zikiwa zimebaki mikimbio michache, Lara aligusa kidogo mpira wa Gillespie, ukaenda kwa Ian Healy, mlinda wiketi wa Australia anayesimama nyuma ya mpigaji. Healy akaruka, ukagusa glavu, ukaanguka. Healy yule yule aliyedaka mamia! Angeudaka, leo mngekuwa mnasema Lara ndiye aliyewaacha watu njiani. Na Chennai angekuwapo Ambrose mmoja wa kukinga mipira 39, mngekuwa mnasema nini? Ushindi ule na kushindwa kule viliamuliwa na watu ambao hata majina yao hamkuyataja mezani.

Ndiyo maana nasema msilinganishe wapigaji kwa matokeo ya timu zao. Lara alikwenda Sri Lanka mwaka 2001, akafunga mikimbio 688 katika Testi tatu mbele ya Muralitharan, mrushaji wao hatari, na timu yake ikapoteza zote tatu. Na 400 yake ya Antigua mwaka 2004, rekodi ya zamu moja ya Testi ambayo kila mtu anaitaja, mfululizo wenyewe wa mechi ulikuwa umeshapotea na mechi ikaisha sare. Mimi 400 ile naiheshimu, lakini siirudii kuisimulia kama ninavyoirudia 153.

Na msiniletee hoja ya Kenya. Ni kweli, Kombe la Dunia 1996 Tendulkar alitupiga 127 Cuttack bila kutoka, na siku 11 baadaye kule Pune Rajab Ali akamtoa Lara kwa 8, mpira ukadakwa na Tariq Iqbal na miwani yake. Tulicheza ngoma. Lakini ile ilikuwa kriketi ya siku moja, si Testi.

Mtaniuliza mimi niko wapi. Kwa kutazama, Lara. Gongo lilivyopanda juu vile, na magoti yalivyokunjika, hakuna aliyenifurahisha zaidi. Lakini nyinyi mnaotolewa na mpira ule ule wa nje kila Jumapili, na daftari langu ni shahidi, nawapeleka kwa Tendulkar wa Sydney, Januari 2004. Alikuwa anatolewa akiupiga mpira wa nje kupitia kava, upande wa mbele yake kwa pembeni. Basi akaacha kupiga pigo hilo, kabisa, mipira 436, wakimchokoza kwa makusudi naye anaiacha ipite. 241, hakutoka. Lara sidhani angekubali kujinyima hivyo, na pengine ndiyo maana nampenda.

Kazi ni hii. Mwenye simu aje Jumapili atusimulie Bridgetown, kuanzia wiketi ya tano, yaani alipotoka mpigaji wa tano. Wa Lara atusimulie Chennai, na asisahau mgongo. Nitatoa chai na mandazi. Na padi zile ziwe zimeshafika kwa mwenzenu kabla ya saa tatu, maana yeye ndiye anayefungua.

Mzee wenu wa daftari