Magnetoelektriki si koili, na joto la Dar lina neno lake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mno. Sumakuumeme ni koili, yaani waya uliozungushwa: umeme ukipita, sumaku inazaliwa. Maada za magnetoelektriki hazitaki koili. Ukizisogezea sumaku, zenyewe hutoa volti, ndiyo maana zinafaa kupima mkondo wa waya bila kuukata.

Wanafunzi wa ufundi hukimbilia oksidi ya kromiamu, kwa kuwa ndiyo iliyothibitishwa kwanza, Umoja wa Kisovyeti, 1960. Kwa Dar haifai. Ikifika takriban nyuzi 34 za Selsiasi, mpangilio wake wa sumaku huvurugika na volti hupotea. Boksi la mita lililopigwa jua la Februari hupita hapo bila shida.

Kinachofaa ni kuoanisha maada mbili, wazo lililotoka Philips ya Uholanzi mwaka 1972. Siku hizi hubandikwa utepe wa Metglas (aloi yenye chuma), mwembamba wa mikromita 25 hivi, juu na chini ya kipande cha seramiki ya PZT (zirkoneti-titaneti ya risasi). Sumaku ikibadilika, utepe hurefuka na kufupika. Seramiki ikivutwa nao hutoa umeme.

Kazi yote iko kwenye gundi. Epoksi nene humeza mvuto kabla haujafika kwenye seramiki. Futa kwa spiriti, paka kidogo, kandamiza mpaka ziada itoke pembeni, acha saa 24. Seramiki usiiguse kwa msasa: utaondoa fedha iliyopakwa juu yake, ambayo ndiyo njia ya umeme, na vumbi lake lina madini ya risasi. Bakiza ukingo wa kulehemu waya, na pasi ya kulehemu isikae hapo muda mrefu. Joto likizidi, seramiki hupoteza mwelekeo wake wa umeme na kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Kando ya kipande hicho weka sumaku ndogo ya kudumu. Bila hiyo, umeme wetu wa hezi 50 utasomeka hafifu, tena kwa hezi 100, kwa sababu utepe hurefuka kila upande wa wimbi.

Wengi hukosea kwenye kupima. Kipande cha nanofaradi 1 kina ukinzani wa megaomu 3.2 hivi kwenye hezi 50. Ukikiunga kwenye osiloskopu (chombo kinachoonyesha mawimbi ya umeme) ya megaomu 1, utaona chini ya theluthi ya volti yake halisi na kukitupa kingali kizima. Tumia probu (waya wa kupimia) ya megaomu 10.

Mwisho, paka vanishi kingo zote. Utepe una chuma, na upepo wa bahari huuanzishia kutu. Unyevu nao huvujisha chaji pembeni mwa seramiki.

Mafundi wa vipimo,
Gerezani, Dar es Salaam