Barua kuhusu kiraka chako cha konsoli ya mapema

Ntinda, Kampala

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani Mbarara. Kiraka chako, yaani mabadiliko ya msimbo yanayoiwezesha kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kuandika ujumbe kupitia nyaya za siriali mara tu inapoanza kuwaka, nimekisoma mara tatu, na jana usiku nilikijaribu kwenye ule ubao mdogo niliokuonyesha ulipopita Kampala, nyaya zake tatu za siriali zikiwa zimeunganishwa na kompyuta yangu. Kwenye skrini ilitokea alama moja tu, yaani mabano yanayofungua muda mwanzoni mwa mstari wa kwanza wa kerneli, kisha kimya.

Alama hiyo moja ndiyo iliyonionyesha kosa lilipo. Msimbo wako huandika herufi kwenye rejista ya kutuma (rejista ni kisanduku kidogo cha data ndani ya chipu ya siriali), ambayo iko nafasi ya 0, kisha husubiri rejista ya hali itangaze kwamba herufi imetoka. Rejista hiyo umeitafuta kwenye baiti ya 5, na kwako inapatikana hapo, kwa kuwa rejista za chipu yako zimefuatana baiti kwa baiti. Kwangu zimeachana kwa baiti nne, kwa hiyo iko kwenye baiti ya 20 (5 mara 4), na kerneli inabaki ikisoma mahali ambapo jibu halitakuja kamwe. Tumia regshift, namba inayoonyesha rejista zimeachana kwa kiasi gani, ambayo kerneli tayari inakusomea kutoka kwenye mti wa vifaa, yaani maelezo ya vifaa vya ubao. Nakuomba usiweke kikomo cha kusubiri kama dawa: herufi zingepotea moja moja, na kosa lenyewe lingejificha.

Jambo la pili ni kasi. Mtu akitaja 115200, yaani biti kwa sekunde, unakokotoa kigawanyo (namba ambayo mapigo ya saa ya chipu, yakishagawanywa kwa 16, hugawanywa nayo ili kupata kasi hiyo) kana kwamba saa ya chipu ni megahezi 1.8432 daima, nawe unapata 1. Kwenye ubao wenye saa ya megahezi 24 kinatakiwa 13, na pungufu ya hapo skrini hujaa takataka. Usipoijua saa, iache kasi kama programu ya kuwashia ilivyoiweka.

Mengine yamenifurahisha sana, hasa kwamba hutumii ukatizaji (ishara za kifaa za kukatiza kazi ya prosesa) wala kuomba kumbukumbu, kwani kerneli inapoanza tu kuwaka hakuna kingine kinachoweza kutueleza ubao umekwama wapi.

Nitumie toleo la pili. Ubao nimeuacha mezani na nyaya zake, nami nitalijaribu usiku uleule litakaponifikia.

Wako,
rafiki yako wa Ntinda