Kwa nini tulikurudishia buku tatu yako

Mama mmoja anatutangaza mtaani kwamba duka letu la dawa lina maringo. Alikuja kununua "ile tyubu ya mchanganyiko" ya mwanawe, tukakataa kumuuzia. Mama, tusameheane, ila sikia na upande wetu.

Tyubu hiyo ina dawa ya fangasi, ya bakteria, na steroidi. Steroidi ndiyo mchawi. Inatuliza mwasho kwa siku mbili tatu, unajiona umepona, kumbe fangasi wanatambaa chini kwa chini. Kijana mmoja wa bodaboda alianza na kiduara kama sarafu pajani. Krimu ya fangasi tupu aliiona ghali. Tyubu nne baadaye, kiduara kimefika kiunoni na hakitambuliki tena. Ikabidi akwanguliwe ngozi ikapimwe.

Na huyo ni fangasi, haui. Mtoto wako alikuwa na homa, kikohozi, macho mekundu, na vipele vilivyoanzia nyuma ya masikio vikashuka kifuani. Hizo ni dalili za surua, inayoweza kuingia mapafuni. Hakuna krimu ya surua.

Ile glasi ya kaunta, ambayo wengi wanadhani ni ya maji ya kunywa, tunaigandamiza juu ya vipele. Visipofifia, na mgonjwa ana homa, huenda bakteria wa homa ya uti wa mgongo wako kwenye damu. Kwa ngozi zetu nyeusi tunakagua viganja, nyayo na ndani ya kope. Hapo hatuuzi hata panadol, tunaita bajaji. Na hata glasi ikionyesha vimefifia, kama mtoto amelegea au shingo imekakamaa, bajaji ni ileile.

Mzee mwingine alikuwa na mkanda wa jeshi, malengelenge upande mmoja wa paji hadi ncha ya pua. Likifika puani, jicho liko hatarini. Alikuwa amepaka tyubu siku tano, wakati asaiklovia, dawa ya virusi vya mkanda wa jeshi, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Alipoleta cheti cha daktari akalalamikia bei. Miligramu 800, mara tano kwa siku, siku 7: kwa vidonge vya 200 ni vidonge 140. Akaomba nusu dozi. Nusu hatuuzi.

Kumwangalia mgonjwa hatutozi. Picha za WhatsApp acheni, mwanga wa simu unaficha vipele. Mleteni mwenyewe, na tyubu zote mlizokwisha kumpaka.