Mheshimiwa Waziri, pimeni kwanza ardhi ya Bonde la Ufa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu,
Nairobi.

KUH: VIPIMO VYA MATETEMEKO KABLA YA LESENI ZA KUZIKA HEWAUKAA

Mheshimiwa Waziri,

Nina ombi moja. Kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kusukuma hewaukaa (gesi ya kaboni dioksidi inayopasha dunia joto) ardhini kati ya Naivasha na Menengai, serikali ipande mitambo ya kupima matetemeko, iiache isome kwa miaka miwili, na matokeo yawekwe mahali ambapo Mkenya yeyote anaweza kuyaona. Siombi mradi ufutwe. Nalisema hilo mapema kwa sababu huku kwetu ukiuliza swali kuhusu mradi, umeshahesabiwa mpinga maendeleo kabla hujafika kwenye kiulizo.

Mipango yenyewe unaijua. Tangu kongamano la tabianchi la Afrika lililofanyika Nairobi Septemba 2023, Bonde la Ufa limekuwa likinadiwa kwa wageni kwamba lina mvuke wa kuendeshea mitambo ya kunasa gesi na lina basalti, mwamba wa volkeno, ya kuizikia. Kampuni ya Octavia Carbon ya hapa nchini na wenzao wa kampuni ya Cella walitangaza mradi wa Gilgil wa kunasa tani 1,000 za hewaukaa kwa mwaka na kuzigeuza mawe chini ya ardhi. Tani elfu moja si kitu, na sina ugomvi nazo. Ila mazoea tutakayoyaweka kwa tani elfu ndiyo yatakayotumika kwa tani milioni, na wakati huo atakayeuliza ataambiwa utaratibu upo tangu zamani.

Sayansi yenyewe ni safi. Mwaka 2012, katika eneo la Hellisheiði nchini Iceland, watafiti waliyeyusha takriban tani 175 za hewaukaa kwenye maji na kuyashusha ndani ya basalti. Haikupita miaka miwili, zaidi ya asilimia 95 ya gesi hiyo ikawa imegeuka madini. Basalti ina kalsiamu, magnesiamu na chuma kwa wingi. Gesi iliyoyeyuka hutia maji uchachu, uchachu huo huyang'oa madini hayo kutoka kwenye mwamba, kisha yanaungana na kaboni na kuganda ndani ya vitundu vya mwamba wenyewe. Maji yenye hewaukaa pia ni mazito kuliko maji matupu, kwa hiyo huzama badala ya kupanda.

Kwa sababu hiyo sikuletei ile hofu ninayoisikia sokoni, kwamba gesi itatoka usiku na kutuua kama ilivyotokea Ziwa Nyos kule Kameruni mwaka 1986, walipokufa watu zaidi ya 1,700, au kututegea mabondeni kama mazuku ya Goma, ile mifuko ya hewaukaa inayotuama mahali pa chini. Gesi hii tumeishi nayo: kule Kereita, kwenye ukingo wa bonde upande wa Lari, huchimbwa kutoka ardhini na kuuzwa kwa watengeneza soda. (Inachekesha kidogo kwamba ukingoni tunaitoa na bondeni tunataka kuirudisha.)

Ninachokuletea ni habari ya shinikizo.

Mpasuko wa zamani ardhini hutulia kwa sababu uzito wa miamba umezibana pande zake mbili. Ukisukuma maji au gesi chini, shinikizo husambaa kupitia vitundu na nyufa za mwamba, na mara nyingi hufika mbali kuliko maji yenyewe. Likifikia mpasuko uliokwisha kukaribia kuteleza, hulegeza ule mbano, nazo pande zikaachana na kuteleza. Nguvu ya tetemeko la namna hiyo haitoki kwenye pampu. Ilikuwamo ardhini, imejilimbikiza kwa karne nyingi, na pampu imeiwahisha tu.

Haya yalijulikana zamani. Mwaka 1962 jeshi la Marekani lilianza kumwaga maji machafu ya kiwanda cha silaha za kemikali, karibu na Denver, kwenye kisima chenye kina cha zaidi ya kilomita tatu na nusu. Mji ambao haukuzoea kutikisika ukaanza kutikisika. Kisima kilifungwa Februari 1966. Tetemeko kubwa kuliko yote, lenye ukubwa wa karibu 5, likaja Agosti 1967, mwaka mmoja na nusu baada ya pampu kuzimwa. Baadaye kidogo, kule Rangely katika jimbo hilohilo la Colorado, wanajiolojia walipandisha na kushusha shinikizo kwa makusudi katika visima vya mafuta, na matetemeko yakaongezeka na kupungua kulingana nalo.

Tangu hapo orodha imerefuka. Pohang, Korea Kusini, ndiyo ya kutia uchungu: watu walikuwa wakitafuta nishati safi ya joto la ardhini, wakagusa mpasuko ambao haukuwa kwenye ramani yoyote. Aprili 2017 lilitokea tetemeko la zaidi ya 3, kazi ikaendelea. Novemba mwaka huohuo likatokea la 5.5, wakati pampu zimenyamaza kwa takriban miezi miwili. Watu zaidi ya mia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Tume iliyoundwa na serikali yao ilihitimisha mwaka 2019 kwamba usukumaji wa maji ndio uliolichochea.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa Hellisheiði hiyohiyo tunayoisifu. Septemba 2011, miezi michache kabla ya jaribio la hewaukaa, kituo cha umeme wa mvuke kilianza kurudisha maji yake ardhini upande wa Húsmúli. Kufikia katikati ya Oktoba yalikuwa yamekuja matetemeko mawili yenye ukubwa wa karibu 4, na wakazi wa mji wa Hveragerði walilalamika hadi wenye kituo wakabadilisha utaratibu: pampu zianzishwe polepole, na watu waarifiwe kabla. Gesi haikuhusika hapo hata kidogo, ni maji tu. Na njia ya kugeuza hewaukaa kuwa mawe, kama ilivyojaribiwa kule, hula takriban tani 25 za maji kwa kila tani moja ya gesi. Kwa tani 1,000 hiyo ni tani 25,000 kwa mwaka, na mwamba hautalalamika. Kwa tani milioni moja ni tani milioni 25. Yatatoka wapi, katika bonde ambalo Ziwa Naivasha linagombaniwa na wakulima wa maua, wavuvi na wafugaji, hiyo ni barua nyingine.

Sasa nifike kwenye kiini. Tofauti yetu na Denver ni kwamba ardhi yetu husogea yenyewe. Picha za rada kutoka kwenye setilaiti zilionyesha kwamba kati ya mwaka 2004 na 2006 mlima Longonot ulivimba kama sentimita tisa. Mlima Paka, huko kaskazini, ulipanda zaidi ya sentimita ishirini katika miezi tisa ya 2006 na 2007. Miaka michache kabla ya hapo Suswa na Menengai zilikuwa zimedidimia sentimita chache. Hakuna mkazi aliyehisi chochote, na hakuna pampu iliyohusika.

Linganisha na In Salah, katika jangwa la Algeria, ambako kati ya 2004 na 2011 zilizikwa karibu tani milioni 3.8 za hewaukaa. Kule ardhi juu ya visima ilipanda kama milimita tano kwa mwaka. Kiasi hicho kidogo kilitosha kuwaonyesha wataalamu kwamba shinikizo lilikuwa likifanya jambo ambalo hawakulitarajia, na wasiwasi juu ya mwamba wa kufunikia, ule wa juu unaoizuia gesi isipande, ulipozidi, kazi ikasimamishwa Juni 2011. Waliweza kuisoma dalili hiyo kwa sababu jangwa lile limetulia. Milimita tano kando ya Longonot ingemezwa na pumzi za mlima, na tungebishana mpaka mwisho wa dunia.

Na tunajua tunavyobishana. Machi 2018 ardhi ilipofunguka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara ya Narok, magazeti ya ng'ambo yakatangaza kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wakatofautiana hadharani: wengine walisema ni mpasuko wa bonde unaotanuka, wengine wakasema ni mvua iliyosomba majivu ya volkeno kutoka kwenye ufa wa zamani. Mzozo ule ungepoa mapema kama kungekuwa na vipimo vya kutosha vya mahali pale kabla ya siku ile. Sasa fikiria mzozo huohuo ukiwa na kampuni upande mmoja, wakili wake, na mama mwenye nyumba iliyopasuka ukuta upande wa pili. Atathibitishaje? Kampuni itasema Bonde la Ufa hutetemeka tangu enzi na enzi, na itakuwa inasema kweli. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la 6.9 liliipiga Subukia na kuipasua ardhi kwa takriban kilomita 38. Wakati ule Nakuru ilikuwa mji mdogo. Leo ni jiji lenye maghorofa, na mengine ninapita mbali nayo hata bila tetemeko.

Ukweli huohuo una upande wa pili, na wawekezaji wenyewe wangepaswa kuupigania. Tetemeko la asili likitokea miezi mitatu baada ya pampu kuwashwa, lawama zote zitaiangukia pampu, na mradi mzuri utakufa kwa kosa lisilo lake.

Wapo waliofanya ipasavyo. Decatur, jimbo la Illinois, Marekani, walizika tani milioni moja hivi za hewaukaa kati ya Novemba 2011 na Novemba 2014. Vipimo vyao vilianza kusikiliza kama mwaka mmoja na nusu kabla ya tani ya kwanza, vikanasa mitikisiko michache mno. Usukumaji ulipoanza, ikaja kwa maelfu, karibu yote midogo kiasi kwamba hakuna binadamu aliyeihisi, na mingi ilijipanga kwenye mipasuko ya zamani ndani ya mwamba wa chini, mipasuko ambayo haikuwa imeonekana awali. Hakuna aliyebishana ni ya nani, maana rekodi ya kabla ilikuwepo.

Kwa hiyo naomba miaka miwili, wala si miezi mitatu ya kujazia ripoti ya athari kwa mazingira. Miaka miwili inachukua misimu ya mvua ya kutosha, na mvua si jambo dogo hapa: tumeona maziwa ya Nakuru, Naivasha na Baringo yalivyopanda na kumeza nyumba na barabara kufikia 2020, na uzito wa maji mengi kiasi hicho nao huigusa ardhi. Vituo viwe vingi na karibu na visima. Kituo cha Kilima Mbogo ni kizuri kwa matetemeko ya mbali, lakini hakiwezi peke yake kukwambia mtikisiko mdogo wa Gilgil umetoka kina cha kilomita mbili au kumi, na kina ndicho ushahidi wa kwanza tutakaouhitaji siku ya ubishi. Mitambo inunuliwe kwa ada ya leseni, lakini iwe mali ya umma. Chuo Kikuu cha Nairobi kina watu wanaoijua kazi hii. Wapewe data moja kwa moja, isipitie kwanza kwa mwenye mradi kusafishwa.

Kisha kuwe na mtu mwenye mamlaka ya kuzima pampu ambaye mshahara wake hautoki kwenye pampu. Mjini Basel, Uswisi, Desemba 2006, walipokuwa wakisukuma maji chini kutafuta joto la ardhini, walikuwa na utaratibu wa taa kama za barabarani, wa kupunguza au kusimamisha kazi mtikisiko ukizidi kiwango fulani. Walisimamisha. Saa chache baadaye tetemeko la 3.4 likaja hata hivyo, na mradi ukaishia hapo. Maana yake ni kwamba kiwango cha kusimamisha kazi kiwe chini kabisa, pale ambapo vipimo pekee vinasikia na watu bado hawajaamka. Nyumba nyingi za huku kwetu ni za mawe yaliyounganishwa kwa udongo, na tetemeko la 4 lisilo na kina haliziachi salama.

Pesa nitazigusa kwa kifupi. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yameipa jamii asilimia 40 ya mapato katika miradi ya kaboni inayotegemea ardhi, na 25 katika mingineyo. Je, mradi wa kuzika gesi chini ya shamba la mtu ni upi kati ya hiyo miwili? Na hasara ni ya nani? Uhispania ilijengwa hifadhi ya gesi asilia chini ya bahari, iliyoitwa Castor. Mwaka 2013 ikaleta mamia ya matetemeko, mengine yakizidi 4. Serikali ikaifunga, ikairudishia kampuni takriban euro bilioni 1.35, na deni likapachikwa kwenye bili za gesi za wananchi mpaka Mahakama ya Katiba ilipoingilia kati mwaka 2017. Kwetu dhamana iwekwe benki kabla ya kisima cha kwanza, na isirudishwe siku kisima kinapofungwa. Denver ilisubiri miezi kumi na minane. Dhamana ya miaka kumi baada ya kufungwa si ya kutisha kwa mtu anayeamini kazi yake.

Mheshimiwa, naomba ofisi yako itangaze, kabla ya leseni yoyote ya usukumaji kutolewa, tarehe ambayo kituo cha kwanza cha vipimo kitawashwa na mahali ambapo wananchi wataisoma data yake. Kama kuna vipimo vilivyokwisha kufanywa Gilgil au Olkaria, vichapishwe sasa. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaweza kuchora grafu yake. Nitawapa kazi hiyo mwenyewe.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa jiografia,
Kaunti ya Nakuru.

Nakala:
Gavana, Kaunti ya Nakuru
Mkurugenzi Mkuu, NEMA
Chuo Kikuu cha Nairobi