Blaiti ya waru si fangasi, tuandikieni ukweli wake

Mhariri,

Pokea salamu kutoka huku Molo. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, ukurasa wa kilimo ndio nafungua kwanza, siasa inangoja, na hii barua nimekaa nayo moyoni msimu mzima lakini sasa wacha niseme. Kila mvua ndefu ikianza mnatuandikia kuhusu blaiti ya viazi, yaani waru, na kila mara mnaanza vile vile, ati blaiti ni ugonjwa wa fangasi unaoletwa na baridi. Si fangasi. Najua mtu anaweza kuona ni ubishi wa majina tu, lakini hilo jina moja lilinigharimu shamba na siko peke yangu.

Mwaka jana nilipanda nusu eka ya waru aina ya Shangi, mbegu safi, mbolea nikaweka, udongo nikapandishia kwa wakati. Mwezi wa sita ukungu ukashuka siku tatu mfululizo, ule wa kutoona ng'ombe wa jirani hadi saa nne asubuhi, nikajua hapa lazima nipige dawa mapema, nikaenda agroveti. Kijana aliyekuwa kaunta akaniuliza nataka ya nini, nikamwambia ya blaiti ya waru, akatoa chupa akasema, "Mama chukua hii, ndio wanapiga kwa ngano, inamaliza fangasi zote." Nikalipa. Nikapiga pampu sita, wiki ikaisha nikarudia, na siku chache baadaye nikaamka nikasikia ile harufu kabla hata sijafika kwa shamba, ambaye amewahi kupoteza waru anaijua, ni kama majani yaliyochemshwa yakaachwa yaoze. Shina lilikuwa jeusi, majani yamelala. Pale nilizoea kutoa gunia ishirini na kitu nilitoa nne, na hizo nne nusu zikaoza kwa stoo.

Ile dawa haikuwa feki, hilo nataka lieleweke, na kijana hakunidanganya kwa makusudi, alisema vile ameambiwa na vile anasoma kwa magazeti. Ilikuwa ya kundi linaloitwa triazoli. Kazi yake ni kuzuia fangasi asijitengenezee mafuta fulani yanayoitwa ergosteroli, ambayo ndiyo yanashikilia ngozi ya seli yake, akiyakosa ngozi inaharibika anakufa. Kwa ugonjwa wa kutu ya ngano inafanya kazi sababu kutu ni fangasi kweli kweli. Lakini blaiti haijitengenezei mafuta ya aina hiyo hata kidogo, inayachukua kutoka kwa kiazi chenyewe. Ni kama kuzima jiko la mtu ambaye kila siku anakula kwa jirani.

Sasa kama si fangasi ni nini? Jina lake la kisayansi ni Phytophthora infestans, hilo neno la kwanza ni la Kigiriki maana yake mharibu mimea, na kundi lake linaitwa oomiseti. Kwa macho inafanana na fangasi manake inatambaa kwa nyuzi nyeupe na inatoa spora, vijimbegu vya kuzaliana, ndio maana hata wataalamu waliichanganya kwa miaka mingi. Ingia ndani ya seli uone tofauti. Ukuta wa seli ya fangasi una kitini, kitu kile kile kiko kwa ganda la mende, ukuta wa blaiti ni selulosi na sukari ndefu za jamii hiyo, kama mmea. Nyuzi zake hazina vyumba, ni mrija mmoja mrefu na viini vimejaa humo vinaelea pamoja. Na ndugu zake wa ukoo hata hawafanani naye, ni mwani wa kahawia wa baharini na wale viumbe wadogo wa majini wanaoitwa diatomu. Wasomaji wa kaunti hii ya Nakuru wanazijua diatomu bila kujua, ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil ni maganda yao, zilikufa kwa ziwa la zamani zikarundikana hadi zikawa mwamba. Mwenye kufikiria jamaa za blaiti aangalie upande huo, upande wa maji, asiangalie uyoga.

Maji ndiyo hadithi yote na hapa ndipo naomba nafasi kidogo mhariri.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari, kwa hivyo baada ya ile hasara nilitaka kuona adui yangu kwa macho. Nilitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikachuma jani lenye doa, nikaligeuza. Chini, pembezoni mwa doa, kuna utepe mweupe mwembamba kama unga umepulizwa, jua likichomoza unapotea ndio maana wengi hawajawahi kuuona. Nikauosha kwa maji safi ndani ya petri dishi, nikaweka tone chini ya hadubini. Ule unga ni vifuko vyenye umbo la ndimu, kila kimoja na chuchu ndogo kwa ncha. Vimetulia tu, havifanyi chochote. Basi nikaweka ile dishi kwa friji ya maabara masaa mawili kisha nikaangalia tena, na wanafunzi wa fomu tatu wamenizunguka.

Vile vifuko vilikuwa vimegawanyika ndani. Tukiwa tunaangalia kimoja kikafunguka pale kwa chuchu na vikatoka vidude vidogo, nilihesabu saba, vikatetemeka kidogo halafu vikaondoka mbio vikizunguka zunguka vikielekea kila upande. Vinaogelea! Msichana mmoja akaniambia, "Madam, huyu ni mnyama," na sikumlaumu. Vinaitwa zuospora na kila moja ina mikia miwili, mmoja wa mbele una vinyweleo unavuta, mwingine laini unafuata nyuma. Mikia yenyewe kwa hadubini ya shule huioni vizuri, unaona kazi yake. Zuospora haina ukuta wowote, ni ngozi tupu, kwa hivyo maji yanaingia ndani kila wakati na ina kajipampu kanakoyatoa nje ili isipasuke. Haili, inatumia akiba iliyotoka nayo. Ikipata pahali pa kushika inakata mikia, kwa dakika chache tu inajijengea ukuta wa mviringo, inaota mrija, mrija unakandamiza jani na kutoboa.

Fangasi wanaotusumbua shambani, iwe kutu ya ngano au ya maharagwe, hawana kitu kama hicho cha kuogelea.

Ndani ya jani mambo yanafanyika kimya. Nyuzi zinapita katikati ya seli, na kwa kila seli zinaingiza kijidole kinachosukuma ngozi ya seli bila kuitoboa, vile unaweza kusukuma kidole kwa puto lisilojaa. Kupitia hapo zinapeleka protini za kuzima ulinzi wa mmea. Wanasayansi waliposoma jenomu yake, yaani jeni zake zote, mwaka 2009 walikuta mamia ya jeni za protini za namna hiyo. Kwa siku mbili tatu seli za kiazi zinabaki hai na jani ni kijani kabisa, unapita unasema shamba langu liko sawa. Halafu inabadilisha tabia inaanza kuua, doa linatokea, na karibu siku ya nne au ya tano tangu iingie ule unga uko nje tena tayari kupeperushwa. Kwa hivyo yule anayengoja aone doa ndio akanunue dawa ya kukinga kama mankozebu amechelewa, mankozebu inakaa juu ya jani na kuua zuospora kabla haijaingia, haifuati kitu ndani. Zile zinazoingia ndani kama metalaksili ziko, lakini ukizirudia rudia peke yake blaiti inajenga usugu, imefanya hivyo nchi nyingi.

Sasa kuhusu baridi. Mama yangu ana miaka sabini na kitu na mpaka leo anasema "baridi imechoma waru". Nilipomwonyesha picha kwa simu aliangalia sana halafu akaniuliza, "Kwa hivyo mwanangu baridi haina makosa?" Nikamwambia mama, baridi haichomi lakini umeona kitu cha kweli. Kile kifuko cha ndimu kikipata maji na joto la digrii ishirini na kitu kinaota kama mbegu moja, mrija mmoja basi. Kikipata maji ya baridi, kama digrii 12, ndio kinagawanyika kutoa waogeleaji wanane hivi. Usiku wa Molo wenye ukungu ndio huo. Kifuko kimoja kimekuwa maadui wanane na jani limelowa usiku kucha, kila tone ni bwawa. Wazee walisoma dalili sawa sawa, ni vile hakuna aliyewaambia kilichoko katikati.

Na hii kitu inaishi wapi wakati wa kiangazi? Hapa watu wengi wanapumzisha shamba wakidhani imebaki kwa udongo. Blaiti ina jinsia mbili, A1 na A2, zikikutana zinatengeneza spora nene ya kulala inayoweza kukaa udongoni muda mrefu. Lakini waliochunguza Kenya na majirani wetu wamekuta imetawala familia moja, inaitwa 2_A1, iliyosukuma nje ile ya zamani ya US-1, na kama jina linavyosema yote ni A1. Haina mwenza. Inajinakili tu yenyewe kwa yenyewe, na bila ile spora nene inahitaji kitu kilicho hai ili ivuke msimu. Kitu hicho ni waru iliyooza nusu mliyotupa kwa rundo nyuma ya stoo ikaota, ni mbegu yenye doa la kahawia chini ya ngozi uliyoinunua kwa jirani, ni nyanya za pembeni, na zaidi ya yote ni maotea, zile waru zilizobaki shambani zikaota zenyewe. Shangi haikai sana kabla ya kuota, sifa tunayoipenda, na ndiyo hiyo inafanya shamba lililovunwa liwe na maotea ya kijani kabla hata hujalima upya. Mimi sai nayang'oa yote na marundo nayazika chini kabisa, na msimu huu nilianza na hilo kabla sijanunua hata chupa moja ya dawa.

Ayalandi njaa ilianza mwaka 1845 kwa kiumbe huyu huyu, watu kama milioni moja wakafa na wengine kwa wingi huo wakahama. Mwaka 1846 kasisi mmoja Mwingereza, Berkeley, aliandika kwamba ule unga mweupe ndio unaoleta ugonjwa na si matokeo ya kuoza, wengi wakakataa, wakaendelea kulaumu hali ya hewa. Ni hadi mwaka 1861 ndipo Mjerumani Anton de Bary akaonyesha safari yake yote kwa hadubini. Miaka zaidi ya 160 imepita mhariri na ukurasa wetu wa kilimo bado unasema baridi.

Ninachoomba ni kimoja. Mkiandika tena kuhusu blaiti acheni neno fangasi, na mchore ule mzunguko wake, kifuko, waogeleaji, jani, siku zile za kimya, unga tena, picha moja tu hata ndogo ambayo mtu anaweza kukata na kubandika ndani ya stoo. Halafu waambieni wakulima wasome kwa chupa jina la dawa yenyewe na waone kama waru imeandikwa pale. Mwandishi wenu akitaka kuona nitamwonyesha, mashamba ya huku hayakosi doa mwezi huu, ila afike kabla ya saa mbili, jua likishika majani yanakauka na huo unga hataupata.

Msomaji wenu, mkulima na fundi wa maabara,
Molo, Nakuru